Mtoto wa mfinyanzi aliyefelishwa chungu

Saa nne asubuhi sokoni Lyulilo, Veronika anagonga chungu kwa kifundo cha kidole ili mteja asikie kinavyolia. Mteja anauliza bei. Hajibiwi, maana Veronika keshahamia kwenye habari za shule.

"Mwanangu kafeli chungu!" anasema. "Miaka kumi na tisa nafinyanga, halafu mtoto wangu anafeli chungu!"

Mfinyanzi huyu wa kijiji cha Ikombe ana binti wa miaka sita, Atupele, anayetakiwa kuanza darasa la kwanza Januari. Mumewe, Hezroni, alishaamua: mtoto aende bweni mjini Kyela, kwenye ingilishi midiamu wanakosoma watoto wa ndugu zake. Veronika alikubali shingo upande.

Siku ya usaili mwalimu alimwonyesha Atupele picha ya chungu. Mtoto akakitaja, akaeleza hadi udongo wake unakochimbwa. Mwalimu akamkatiza: hapa tunasema "poti".

Atupele akacheka. "Madam, poti ni la watoto kukojolea."

Ungedhani katukana ukoo mzima. Karatasi ya majibu ilirudi imeandikwa: hajui vyombo vya nyumbani, arudie chekechea. Veronika anaifungua kutoka kwenye pindo la kitenge. Imeshachakaa kwa kuonyeshwa watu.

Aliyemchosha zaidi ni Hezroni, ambaye hata hakukasirika.

"Mama Atupele, arudie tu," alimwambia. "Kiingereza ndiyo maisha. Unataka ndugu zangu watucheke?"

Shule ya kijijini nayo haina cha kujivunia. Chumba kimoja, watoto mia na kumi, mwalimu mmoja. Veronika alikwenda kuchungulia, akatoka kichwa kinamuuma.

"Ukiisifia utakuwa mwongo," anakiri. "Lakini jioni mwanangu anarudi kwangu."

Hatimaye mteja anatajiwa bei, anaweka hela juu ya mkeka na kubeba chungu chake.

"Ndaga fijo, mama," Veronika anamshukuru, kisha anakunja karatasi kwa hasira.

Uandikishaji unafungwa Ijumaa. Kesho atampeleka Atupele shule ya kijijini, Hezroni apende asipende, na amepanga kukaa naye kila jioni kukagua alichoandika.

"Nimeishia la saba, lakini Kiswahili nasoma," anasema. "Daftari la Kiingereza ningelishika kichwa chini miguu juu, nikimsifia. Naye angeona, akaninyamazia kwa kunihurumia."