Mwongeli na Ukuta wa Nusu

Mtu asiniambie kamati ni za watu wasio na kazi. Nitamjibu vibaya. Mke wangu Mwongeli ni katibu wa kamati ya bwawa hapa kwetu Matinyani, mwaka wa kumi na mmoja huu, na hajawahi kulipwa hata chai. Chai anabeba ya kwake, na kikombe juu. Siku za vikao mimi hula ugali baridi, na nalalamika, kwa nini nisilalamike? Lakini jirani akianza kumsema, hapo tunakosana.

Mto wetu hukauka mvua ikiisha tu. Ndiyo tukaanza kujenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto, ili mafuriko yakija yajaze mchanga nyuma yake, na maji yajifiche ndani ya mchanga huo mpaka kiangazi kiishe. Tulijenga kwa mwethya, sisi wenyewe, kila boma likitoa watu wake. Kufikia Septemba ukuta ulikuwa kiunoni na mawe yamebaki tele. Watu wakasema tumalizie tu.

Mwongeli akasimama barazani. "Mwaka huu tuishie hapa."

Woi! Kelele zilizopigwa hapo! Mwaka mwingine wa kuswaga punda masaa matatu kwenda, masaa matatu kurudi? Mzee Kyule, mwenyekiti wetu, alimuuliza kama ana homa. Yeye akaeleza polepole. Mafuriko hubeba mchanga na tope pamoja. Ukuta ukiwa mfupi, mchanga ni mzito, unakaa. Tope linapita juu na kwenda zake. Ukiwa mrefu mara moja, vyote vinakaa, na tope halikupi maji ng'o.

Akatoa mikebe miwili aliyoitoboa chini, mmoja wa mchanga, mwingine wa tope, akamwagia maji. Wa mchanga ukaanza kudondosha pale pale. Ule mwingine tuliukodolea macho mpaka shingo zikauma. Hakuna kitu.

Hata hivyo tulipiga kura, kwa kuinua mikono. Na mimi, Mulinge, mume wa ndoa ya kanisani, nikajibanza nyuma ya Hassan wa duka, ambaye ni mrefu na mpana, nikainua mkono kumpinga mke wangu. Nilikuwa nimechoka na punda, basi. Upande wake ukashinda kwa kura mbili.

Mwaka huo alisemwa sokoni, akasemwa kisimani. Kanisani kuna waliohama benchi. Alifuata maji na punda kama wengine, mitungi minne, na hakukosa kikao hata kimoja. Mvua ya Novemba ikaleta mchanga msafi, wa kung'aa. Mwaka uliofuata tukainua nusu iliyobaki. Njoo leo, kiangazi hiki kikali, uchimbe pale kwa mkono wako: kabla kiwiko hakijazama umeshika maji. Punda wetu amenenepa mpaka ni aibu.

Mwezi uliopita tuliitwa kuchagua kamati upya. Mzee Kyule akauliza nani ana neno la shukrani kwa waliotumikia. Nikasimama. Nilikuwa na mawili matatu ya kawaida, lakini mdomo ukanishinda.

"Mwongeli alisema kweli, sisi tukamtukana," nikasema. "Na mimi siku ile niliinua mkono kumpinga. Sijawahi kumwambia."

Watu walicheka, haki! Syombua, jirani yetu, alijifuta machozi kwa leso. Mwongeli hakucheka. Alikuwa amekaa mbele na daftari lake la kumbukumbu magotini.

"Keti, Baba Kivuva," akasema. "Si ni mimi katibu? Mikono niliihesabu mimi. Wako ulikuwa wa thelathini na nne."

Nikaketi. Miaka mitatu nimekula chakula cha huyu mama, nimelala kwake, nimejiona mjanja, na kumbe alikuwa anajua. Kura zilikuwa zinakaribiana vile, na alitaka ukuta ule kuliko kitu chochote. Angeweza kuniruka, nani angemuuliza? Aliniona nimejificha nyuma ya Hassan, mume wake, akanihesabu upande wa wale wanaompinga. Najivunia mwanamke huyo.