Uji wa Ukwaju

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka, kwanza huja harufu ya uji, watu wanafuata baadaye.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, mtoto wa kitindamimba wangu, na nimeshazoea hivyo. Juzi ulikuja hapa Masuguru kuniaga, umepangiwa kufundisha shule ya msingi kule Mpale. Ukaniambia, "Bibi, wamenipa somo la historia, na nasikia watoto wa huko wanalisinzilia." Tangu uondoke nimekuwa nikiligeuzageuza neno hilo. Mimi niliishia darasa la nne, kalamu naishika kama mwiko, kwa hiyo mwandiko wangu uuache, shika ninachosema.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Handeni. Kilianza siku zile za Ujamaa. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa kivyake, moshi wa jirani unauona kwa mbali tu, tena ukiwa na macho mazuri. Tukaletwa pamoja, nyumba zikasimama kwenye mistari kama mahindi. Sisi watoto tulifurahi, maana wa kucheza naye hakukosekana. Lakini wakubwa walikuwa na watu waliowakwepa miaka mingi, na sasa wakawa wanakutana nao kisimani asubuhi na jioni. Kwa bibi yangu, mama yake baba, mtu huyo alikuwa Mzee Mhando.

Mzee Mhando alikuwa jumbe wa zamani. Siku hizi hamjui jumbe ni nani. Ndiye aliyekuwa mkono wa Mwingereza kijijini. Wakati wa vita vyao vikubwa Waingereza walitaka mkonge kwa wingi, na kila jumbe akaambiwa atoe watu wa kwenda kuukata. Akisema wewe, ni wewe. Babu yangu, mume wa bibi, alichukuliwa namna hiyo akapelekwa mashambani Korogwe. Hakurudi. Waliorudi walisema ni homa, na kaburi hawakuweza kulionyesha, maana mkonge ulipandwa mpaka juu yake.

Uhuru ulipokuja ujumbe ukafutwa, na Mzee Mhando akabaki mzee kama wazee wengine. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikaa barazani kwake akichonga mipini ya majembe kwa kupapasa, na kijiji kizima kililima kwa mipini hiyo. Bibi peke yake alilimia mpini aliouchonga mwenyewe, umepinda, unamtoa malengelenge, na ole wako umwambie kitu.

Sasa shule. Ilikuwa ya udongo na bati, na mchana joto likishuka kutoka kwenye lile bati, vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga wa dirisha, mtu unakuwa hujalala wala huko macho. Nikiwa hivyo ndipo nilipomsikia Mwalimu Yohana akifunga kitabu. Alikuwa kijana mwembamba, amezaliwa kambini kwa wakata mkonge, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Akasema, "Humu ndani nyinyi hamumo. Nendeni mkaulize nyumbani."

Tukaenda, tukauliza. Kesho yake darasa lilikuwa kama ngoma. Babu wa huyu alijificha kwenye shimo la muhanga, wa yule alivaa nguo za mkewe akapita mbele ya jumbe akisalimia. Tulicheka mpaka mwalimu akacheka. Akasema tutafanya igizo, tutalionyesha Saba Saba mbele ya wazazi, siku jumbe alipokuja kuchukua watu.

"Nani atakuwa jumbe?"

"Zaina," akasema mmoja kutoka nyuma. "Kwao wanao uzoefu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alikuwa mgeni, hakujua kwamba Zaina ni mjukuu wa Mzee Mhando, akacheka naye kidogo. Zaina alichukua jembe lake ukutani, maana siku hizo tulikwenda shule na majembe, akatoka.

Alikuwa rafiki yangu. Jioni nilimkuta kisimani.

"Baba amesema sirudi," akaniambia. "Hawezi kumpeleka mtoto akajifunze kumcheka babu yake."

"Na mtihani wa la nne?"

"Utanifanyia wewe."

Akajitwika ndoo. Mtihani ule ndio uliokuwa mlango wa darasa la tano, na Zaina alikuwa na kichwa cha kupita. Bila mtihani, ilikuwa jembe na mume, basi. Nami nilijua kwamba baba yake akisema, amesema.

Nyumbani nilimweleza bibi nikilia. Nilidhani atasema afadhali. Alikuwa anakoroga uji wa ukwaju, akaendelea kukoroga mpaka ukawa mzito kama ugali. Halafu akachukua jembe lake, akaung'oa mpini ule uliopinda, akautia motoni. Jembe tupu akalishika mkononi, akaelekea kwa Mzee Mhando. Waliongea nini mimi sijui mpaka leo. Alirudi mikono mitupu, akalala bila kula.

Baada ya siku chache tulikuwa uwanjani tunafanya mazoezi. Jumbe alikuwa mvulana mmoja mnene, amejaza nguo tumboni, anatembea amejibetua, ananguruma kama simba. Bibi alikuja akakaa kwenye kizingiti cha darasa, kama mtu aliyepita tu. Mara tukamwona Mzee Mhando anakuja, Zaina ameshika ncha ya fimbo yake akimwongoza, na begani kwa mzee lile jembe la bibi, lina mpini mpya. Tukasema shikamoo wote kwa pamoja.

"Endeleeni," akasema.

Yule mvulana, masikini, akanguruma, lakini sasa kama simba mgonjwa.

"Huyo ni nani?" mzee akamuuliza Zaina.

"Ni wewe, babu."

"Mbona napiga kelele?"

Mzee akakaa kwenye tofali.

"Mimi sikupiga kelele. Ningepiga kelele watu wangekimbia. Nilikuwa nakuja asubuhi, umande haujakauka. Napiga hodi, nakaribishwa. Napewa uji, nakunywa."

"Ukasema ukwaju umezidi," akasema bibi kutoka pale kizingitini.

Mzee aligeuza uso kuifuata sauti. "Ulikuwa umezidi."

"Ukamaliza bakuli."

"Nikamaliza."

"Halafu?"

"Halafu nikamwambia mumeo, inuka."

Mwanangu, sote tulisimama pale tulipokuwa. Hata kuku wa mwalimu, nakumbuka hivyo, ingawa huenda hilo nimeota, walisimama.

Mwalimu Yohana akauliza taratibu, "Mzee, ungekataa ingekuwaje?"

"Wangeniondoa, wakaweka mwingine. Nilijiambia hivyo." Akapapasa mpini wa lile jembe. "Najiambia hivyo mpaka leo."

Bibi akainuka, akajikung'uta kanga. "Mwalimu," akasema, "igizo lako lina kelele nyingi. Weka uji. Na jumbe awe huyu wangu." Akaninyooshea kidole. "Zaina awe mimi."

"Mimi sijui kukoroga uji wa ukwaju," akasema Zaina.

"Utakuja jioni nikufundishe. Mwambie baba yako nimekuita mimi."

Akalichukua jembe kutoka begani kwa mzee, akalipima mkononi, akaondoka nalo. Aliulimia mpini ule mpaka alipozeeka. Kuusifia, hapana, hata siku moja.

Baba yake Zaina alipopelekewa wito ule alimwachia mtoto aende. Bibi ndiye mwenye haki ya kukasirika kuliko wote, naye ndiye anayemwita mtoto. Angekataaje? Zaina akarudi.

Siku ya Saba Saba nilivaa koti la mwalimu, linanifika magotini. Nikapiga hodi. Zaina, amejifunga kanga ya bibi, akanikaribisha, akanipa bakuli. Uji ulikuwa wa kweli, wa moto, ukwaju umezidi, bibi alikuwa amehakikisha. Nikanywa. Wazazi wote wanatazama, na ukungu kutoka milima ya upande wa Kwashemshi ulikuwa bado unaonekana kwa mbali, mweupe, kama maziwa yanayotaka kufurika. Nilimaliza bakuli. Neno lilikuwa moja tu, na lilichelewa kunitoka kwa sababu Zaina alikuwa ananitazama kama anayetaka kuniuliza kama niongezwe.

"Inuka," nikasema. Sikulipaza.

Katikati ya watu, Mzee Mhando akainuka.

Alisimama pale na kanzu yake, mikono imelegea ubavuni, macho yale ya ukungu yananitafuta. Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa amekaa nyuma yake. Akamshika kanzu, akaivuta kidogo.

"Kaa, Mzee Mhando," akasema. "Leo hukuitwa wewe."

Akakaa.

Zaina alifaulu, akaendelea. Mimi nikabaki na jembe, na sijuti, ningekuwa nimesoma ningekuwa nakuandikia mambo mengine.

Sasa, mwanangu, ukiingia darasani kule Mpale, ujue kwamba watu wa hiyo historia wamekaa mbele yako, wamevaa sare. Mjukuu wa aliyechukuliwa na mjukuu wa aliyemchukua wanagawana dawati. Usimfichie yeyote kilichotendeka, maana bibi hakuficha, na yeye ndiye aliyefiwa. Ila usikifundishe kwa kunguruma. Mbaya ukimpa sauti ya simba, watoto watadhani wao hawawezi kuwa yeye. Waambie alipiga hodi. Waambie alikaribishwa, akasema ukwaju umezidi, akamaliza bakuli. Hapo hawatasinzia, nakuhakikishia. Na ukimwona mtoto anachukua vitu vyake anatoka, somo lisimamishe, umfuate wewe mwenyewe, usingoje bibi wa mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyohitaji kupazwa, akupe na watoto wanaouliza hadi ukose jibu. Wazee waliolala kusikojulikana, huko kwenye mikonge, wasikie majina yao yakitajwa kwa upole mdomoni mwako. Na likizo ikifika, pitia hapa. Nitakukorogea uji, na ukwaju nitaupunguza.