Jibini Chini ya Kitanda

Mtu aliyetunza stoo kwa miaka mingi haamini mtu. Mimi natunza stoo ya hoteli moja pale Athi River, na naweza kukwambia kwamba unga haupungui wenyewe, wala panya hali nusu kilo ya sukari bila kuacha alama. Kwa hiyo jibini yangu ilipoanza kupungua ndani ya friji, nyumbani kwangu Machakos, sikusema neno. Nilichukua uma, nikachora mstari mdogo ubavuni mwa kipande, nikakifunga vizuri na kusubiri.

Kula jibini nilifundishwa na mpishi mkuu wa hoteli, aliyekuwa akinipa vipande vya pembeni visivyofaa kupelekwa mezani kwa wageni. Mara ya kwanza nilitema. Sisi ni watu wa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na sukuma wiki, na maziwa tunayajua ndani ya chai. Lakini ulimi hufundishika. Siku hizi nina ngazi yangu. Chini kabisa ni ile laini ya kutia kwenye pitsa, inayovutika tu na haina habari yoyote. Juu yake iko cheda kali ya kuuma ufizi. Kisha gauda iliyokaa mpaka ikafanya chembechembe zinazovunjika menoni. Na juu ya zote ni jibini ya maziwa ya mbuzi anayoitengeneza mama mmoja wa Kyumbi, nyeupe, yenye chumvi, inayonuka zizi kidogo. Mke wangu huziita zote sabuni.

Basi ikaja presha. Nesi wa kliniki alinipima mkono wa kushoto, akanipima wa kulia, akaitazama ile mashine kama imemtukana.

"Mzee, hii presha si ya kucheza nayo," akasema. "Chumvi punguza, mafuta punguza. Hiyo jibini uwache kabisa. Na utembee kila asubuhi."

Kaka yangu aliambiwa maneno hayo hayo akayacheka. Leo mdomo wake umeenda upande mmoja na analishwa kwa kijiko. Niliogopa, sifichi. Nikaanza kutembea alfajiri kuelekea vilima vya Iveti, nikala mboga zisizo na chumvi ambazo hata mbuzi angeomba udhuru. Jibini nikaiwekea sheria: kipande kidogo, Jumapili tu. Haikuchukua muda, Jumapili ikaanza kuja Jumatano, na ikifika Ijumaa inakuja tena.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa kwetu ili awe karibu na kliniki, kwa sababu ya magoti. Na hapa lazima nieleze jambo. Sisi Wakamba tuna heshima inayoitwa nthoni, kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamkai pamoja, hamli pamoja, hamtazamani machoni. Vijana wa siku hizi wameilegeza, wengine wanapiga picha wakiwa wamekumbatiana na mama mkwe, lakini mama huyu ni wa zamani na mimi nililelewa na watu wa zamani. Akisikia nikikohoa mlangoni, anainuka na magoti yake hayo na kuingia chumbani kwake. Tukitaka kuambiana jambo, mke wangu hupeleka neno, hata kama sote watatu tunasikiana kupitia mlango.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa uma. Siku ya pili haukuwepo. Ubavu mzima ulikuwa umekatwa.

Nilimshuku mke wangu kwanza. Kweli anaiita sabuni, lakini hata sungura alisema sizitaki mbichi hizi. Nikawa namsogelea anapoongea ili ninuse pumzi yake, mpaka akaniuliza kama nimeanza kazi ya polisi wa barabarani. Alinukia chai. Paka hatuna, na watoto wako mbali, kila mmoja kwake. Akabaki mtu mmoja tu.

Hebu nieleze, unamuulizaje mama mkwe kama anakula jibini yako? Nilifanya lililowezekana. Nikasimama mbele ya friji na kusema kwa sauti: "Friji hii siku hizi inakula!"

Chumbani kwake nikasikia kikohozi kifupi. Katika stoo nimesikia vikohozi vya namna hiyo, na kila mara havina kifua nyuma yake. Nikakata shauri kwamba ni yeye. Tena nikakasirika, kwa kuwa na yeye ana presha na amekatazwa chumvi, na hapo hapo nikajiona mtu mwema kwa kumjali.

Nilihamisha mali. Gauda na ile ya Kyumbi nikazifunga kwa kitambaa chenye maji, nikaziweka ndani ya chungu kidogo na kukisukuma chini ya kitanda chetu. Mama mkwe anaweza kuingia popote, lakini chumba anacholala mkwewe haingii. Afadhali nyumba iungue. Benki yenyewe haina ulinzi kama huo, na nilienda kazini nikipiga mluzi.

Niliporudi jioni, chungu kilikuwa kitupu, kimeoshwa, kimefunikwa vizuri.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimfuata mke wangu jikoni.

"Kumbe ni wewe! Siku zote hizi unanidanganya!"

"Mimi? Hiyo sabuni yako nifanyie nini?" Akaacha mwiko. "Na si uliambiwa uwache? Uko na jibini chini ya kitanda, na mimi hapa ninakupikia bila chumvi?"

"Usigeuze maneno. Chumbani kwetu anaingia nani mwingine?"

"Mimi niliingia."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama katika mlango wa jikoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Niligeuza uso ukutani haraka, kama inavyotakiwa. Mke wangu naye alijifunika mdomo.

"Nitazame," akasema kwa Kikamba. Sikuthubutu. "Nitazame, mwanangu. Leo nthoni nimeshaivunja, haitavunjika zaidi."

Nilimtazama. Sikuwa najua kwamba macho yake yana rangi ya kahawia iliyofifia. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwa najua.

"Nilikuwa nawapa mbwa wa jirani," akasema. "Nilisikia ukimweleza huyu yale nesi alisema, nikasikia friji ikifunguliwa, kisha chungu kikisukumwa chini ya kitanda. Baba ya huyu alipenda mafuta ya nyama. Niliona miguu yake ikivimba, nikaona anapumua kama amepanda mlima, na yeye amekaa tu kwenye kiti. Nikanyamaza, kwa sababu mwanamke alikuwa hamwambii mumewe namna ya kula. Alianguka shambani akiwa ameshika jembe. Aibu ya kuingia chumbani kwako nitakufa nayo, ni sawa. Lakini ile ya kunyamaza ninayo moja tayari, na inanitosha."

Mimi mwenye maneno mengi hata kwa friji, nilijibu kwa ufupi. Nilisema "Ndiyo, mwaitu," yaani mama, neno la kwanza nililowahi kumwambia ana kwa ana.

Asubuhi iliyofuata nilipotoka kwenda kutembea, nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amejifunga leso mbili kwa baridi, kikombe cha chai mkononi. Hakuinuka kunikimbia. Aliniambia niende mpaka pale barabara inapoanza kupanda, nirudi polepole, nisishindane na vijana.

Nilikawia njiani. Niliporudi nilimwona kabla hajaniona: shingo ameinyoosha kuelekea barabarani, na ile chai bado imejaa, imeganda utando juu.