Mstari wa Nne wa Fishi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Direktere wa shule alinipa kalamu, sanduku la mbao na onyo. "Mama, fishi bila asili haina kichwa." Nilikuwa asistanti sosyali wa shule ya kampuni ya shaba hapa Kolwezi, yaani mtu wa kutafuta sare, madaftari na chakula cha mchana kwa mayatima na watoto wa wachimbaji walioumia. Kila mtoto alikuwa na fishi yake, karatasi ngumu ya buluu: jina, darasa, taabu ya nyumbani, na mstari wa nne, asili. Asili ilikuwa kijiji au jimbo la baba, hata kama mtoto hajawahi kukanyaga huko.

Nikiuliza, "Kwenu ni wapi?" watoto walijibu Kolwezi. Nilikata jibu lao kwa kalamu, nikaandika Musumba, Kasai, popote baba alipotoka. Niliona ni wema: baba akifa, nitajua ndugu wa kuwaandikia barua. Mazoea yana taabu, vijana wangu. Sikujiuliza tena.

Ngalula alikuja kwangu akiwa darasa la tatu, baba amefariki, mama anauza karanga sokoni. Alikuwa mbishi kweli. "Kwetu ni hapa, mama. Ni hapa mi nilizaliwa." Nikakata, nikaandika Kasai. Aliitazama kalamu yangu kama mtu anayeondolewa sahani kabla hajashiba.

Alipofika darasa la sita, nchi ikachafuka. Kazi za kampuni zikalala, na watu wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, wakaanza kufukuzwa makazini na majumbani, eti si wa hapa. Asubuhi moja Direktere akaniita, asinitazame usoni. "Mama, leta sanduku ya fishi. Kuko batu banaiomba." Nililipeleka mwenyewe. Nililifuta vumbi kwanza. Labda nilidhani wanataka kuwagawia watoto chakula, labda sikudhani kitu. Mpaka leo sielewi nilikuwa nawaza nini. Baada ya siku chache watu hao wakapita nyumba kwa nyumba wakiwatoa wenye asili ya Kasai, na nusu ya madawati yangu yakabaki matupu.

Kwetu, mwisho wa mwaka majina husomwa mbele ya wazazi, na mtoto aliyepita humwagiwa poda kichwani. Ngalula alikuwa amekwisha kufanya mtihani, lakini bila buletini, ile karatasi ya matokeo, shule yoyote kule Kasai ingemrudisha nyuma. Nikazichukua buletini za watoto wangu bila ruhusa, nikaenda stesheni, ambako familia zilizofukuzwa zilingoja treni ya Kasai kati ya masufuria na magodoro. Nikapanda juu ya benchi, nikasoma majina. Watu wakapiga makofi! Mama yake Ngalula alimmwagia mwanawe poda huku akicheka na kulia, na mimi sikujua nishike lipi.

Ngalula akanionyesha mstari wa asili kwenye buletini. Ulikuwa mtupu.

"Mama Asistanti, andika Kolwezi."

"Mwanangu, kule batakukatala."

"Na hapa banatukatala. Sasa kwetu ni wapi?"

Niliandika Kasai. Treni ikaondoka nao, na sikupata habari zake tena. Kama nilimfungulia mlango wa shule kule, au nilimfukuza mara ya pili kwa mkono wangu, sijui.

Nimestaafu. Siku hizi naisaidia parokia kuandikisha shuleni watoto wa wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi. Fomu bado zina mstari ule. Wanasema Kolwezi, naandika Kolwezi. Mkuu wa shule hunirudishia: "Mama, umekosea, asili ni ya baba." Naandika vilevile tena. Huenda ni haki, huenda ni ukaidi wa uzee tu.

Wiki iliyopita msichana mmoja alinijibu kwao ni Kolwezi, kisha akaitazama kalamu yangu.

"Usiogope, mwanangu," nikamwambia. "Sitakata."

Akanishangaa. Yeye hakuwa ameogopa kitu.