Mashine Iliyokunywa Maji ya Mvua

"Hivi baba yako ana akili timamu kweli?"

Jirani yetu muuza vitumbua aliniuliza hivyo asubuhi moja, mkono mmoja ukigeuza vitumbua kwa kijiti, mwingine ukinifungia vyangu kwenye gazeti. "Mtu kafukuzwa kazi na bati, halafu kalibeba bati lenyewe kalileta nyumbani kulilea. Kwa nini?"

Nilikuwa darasa la nne, na mpaka siku ile sikuwa nimekutana na swali lililonishinda kabisa. Nilikuwa mtoto wa maswali, walimu walinichoka. Niliwahi kumuuliza shehe wa madrasa kama malaika anayeandika mabaya huwa anachoka, nikatolewa nje. Lakini la muuza vitumbua nilirudi nalo nyumbani likiwa moto kama vile vitumbua, nikalila kimyakimya.

Swali hilo lilinirudia mwezi uliopita. Mama ameamua kuhamia kwa dada yangu, nyumba yetu ya Singida mjini itapangishwa, na mimi ndiye niliyetumwa kuhamisha vitu vya chumba cha uani. Wewe uliyewahi kufungua chumba cha marehemu unajua kinavyonuka: vumbi, kinyesi cha mijusi, na harufu ya mtu ambaye hayupo. Chumba cha baba kilikuwa na harufu moja zaidi, ya risasi ya kuchomelea waya. Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi, nikawa mtoto tena.

Baba alikuwa karani wa bohari katika shirika moja la umma lililonunua mazao ya wakulima. Tuliishi kwa mshahara wake na kwa alizeti ya shamba la bibi kule Mtinko. Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Kwetu watoto ilikuwa miaka mizuri mwanzoni: viatu vya mitumba, biskuti za pakiti, redio za rangi rangi madukani. Wakubwa walikuwa na neno lao, walilitamka kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Kupunguzwa. Baba wa fulani kapunguzwa. Nilidhani wanakatwa kitu mwilini, na nilimchungulia kila mwanamume aliyepunguzwa nione amebaki na nini.

Zamu ya baba ilipofika, yeye na makarani wenzake waliitwa na meneja wakaambiwa kwamba ofisi imeletewa kompyuta, na kazi yao sasa itafanywa na mashine. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na mtaa mzima uliambiwa hivyohivyo. Haukupita muda mrefu shirika lenyewe likafungwa. Siku vitu vya ofisini vilipokuwa vikitolewa nje, baba alikwenda na mkokoteni wa kuazima akarudi amepakia ile kompyuta, ameifunika kwa blanketi la kitandani kwake. Mama alisimama kizingitini na mwiko mkononi.

"Baba watoto, hicho ni nini?"

"Ndiyo yenyewe."

"Yenyewe ipi?"

"Iliyonitoa."

Mama aliangalia blanketi, akamwangalia baba, akarudi jikoni. Mchana huo ugali wa uwele ulikuwa na madonge, jambo ambalo kwa mama halikuwahi kutokea.

Ilikuwa imekufa. Hilo baba hakulificha. Alikuwa na rafiki, fundi redio wa karibu na stendi, mtu wa mzaha aliyevaa miwani ya kamba. Wawili wale waliifungua juu ya mkeka. Fundi alichomoa boksi dogo la chuma lililokuwa nyuma, linaloingiza umeme, akalitikisa sikioni, akasema, "Huyu moyo ulipasuka, mzee. Tumtafutie mwingine." Baba alilichukua lile boksi haraka mikononi mwake, akalitia kwenye gunia la katani, akalifunga mdomo kwa kamba. Nilidhani ni uangalifu tu. Baba alifunga kila kitu kwa kamba.

Ukawa mwanzo wa msako wa vipuri. Ofisi nyingi zilikuwa zinafungwa miaka ile, miradi ya wafadhili ilikuwa inaondoka, na vitu vyao vilibaki vimetupwa katika mabohari na nyuma ya shule. Baba alikwenda popote aliposikia. Kutoka Itigi alirudi na kompyuta isiyo na kioo. Kutoka Kiomboi alirudi na kioo kisicho na kompyuta. Pesa hakuwa nayo, lakini sisi ni watu wa kuku. Mashine moja ililetwa kwa jogoo na matetea wawili, na mama alipohesabu banda jioni alisema, mbele yetu, "Mwaka huu Idi tutachinja kibodi."

Walichomelea kwa risasi waliyoibandua kwenye redio zilizokufa. Umeme ulipokatika, na ulikatika mno, fundi alipasha chuma chake kwenye jiko la mkaa, jiko lilelile lenye maharage ya mama. Vumbi walilitoa kwa unyoya wa jogoo. Singida upepo haulali, unajua, na vumbi lake ni jembamba kama unga wa muhogo. Kazi yangu ilikuwa kushika taa na kuchagua manyoya yaliyonyooka. Nilipenda kazi ile. Nilipenda jinsi baba alivyoniambia, "Haya mama, mpanguse," kana kwamba ndani ya lile bati kuna mtu.

Kuosha ndiko kulikokuwa na sheria. Zile bodi za kijani zilizojaa vidude zilipoingiwa na uchafu wa panya, ziliogeshwa kwa mswaki na maji ya mvua, si mengine. Maji ya kisima chetu yana chumvi, chai yake unaijua kwa ulimi, na kila sufuria kwetu lilikuwa na ukoko mweupe chini. Hivyo baba alitenga pipa. Mvua ya kwanza iliachwa ioshe bati la paa, ya pili ndiyo ilikingwa, na pipa likafunikwa na kuwekewa jiwe. Mama hakulisamehe pipa lile.

"Sisi watu tunakunywa chumvi," alisema. "Kompyuta inakunywa mvua."

Bibi alipokuja kutoka Mtinko na uwele wake, alikaa mlangoni mwa chumba, akatazama yale mabati yote yaliyopasuliwa matumbo. "Mwanangu," alimwambia baba, "kilichokufa huzikwa. Hakipanguswi vumbi." Baba alimwitikia kwa adabu, akaendelea kupangusa.

Kisha siku moja ile kompyuta ya shirika iliwaka. Ilikuwa mchana, nimetoka shule. Kioo kilitoa mlio mwembamba kama wa mbu, na herufi za kijani zikajitokeza mstari kwa mstari. Fundi alipiga makofi. Baba alikaa chini kwenye mkeka, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yakatikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, na hata sasa sina hakika kama nilimwona.

Habari ilifika kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa amefungua mashine ya kukamua alizeti. Alimwita baba akamwambia, mbele ya watu, "Mzee, mimi nimechoka na makarani wa kuandika kwa mkono. Hiyo mashine yako ikinifanyia hesabu nikaiona kwa macho yangu, unaanza kazi kwangu, wewe na mashine yako." Wakapanga Ijumaa baada ya swala.

Sijui nikueleze vipi nyumba yetu wiki ile. Mama alifua koti la baba la ofisini. Alicheka na muuza vitumbua ukutani. Kwa mara ya kwanza aliingia chumba cha uani kwa hiari yake, akasimama mbele ya mashine na kuuliza kwa heshima, "Sasa ukiigusa hivi inauma?" Wadogo zangu waliambiwa kwamba mambo yakienda sawa watapata sare mpya. Mimi ningepata nafasi ya kubaki shule, kwa sababu ada ilikuwa imeanza kudaiwa na jina langu lilikuwa limeshasomwa mstarini.

Siku chache kabla ya Ijumaa upepo ulivuma vibaya, mkojo wa panya nao ukaonekana kwenye bodi kubwa. Baba akataka mgeni akute safi. Kilikuwa kiangazi. Alipoondoa jiwe juu ya pipa, chini kulikuwa na tope na mende.

Na hapa ndipo tulipokosea, nasi tulikosea nyumba nzima. Bwana afya alikuwa akipita mtaani tangu kipindupindu kilipozuka, anaimba wimbo mmoja: chemsha, chemsha, chemsha. Maji yaliyochemshwa ni maji salama. Hilo tulifundishwa shuleni, liliandikwa ukutani mwa zahanati. Hivyo baba alisema, "Yachemsheni ya kisima," mama akayachemsha vizuri, tena muda mrefu kuliko kawaida, ili yawe safi zaidi. Fundi alikuwepo akaona ni busara. Mimi mwenye maswali yote sikuuliza lolote. Bodi ikaogeshwa, ikaanikwa kwenye ungo juani, kando ya mboga.

Ijumaa walikuja. Mfanyabiashara na kanzu yake nyeupe, fundi redio, na mama mmoja aliyekuwa mpiga chapa pale shirikani, ambaye naye alipunguzwa wakati uleule na baba. Yeye alialikwa kwa sababu anajua kuchapa. Baba alivaa koti. Mama alileta chai na vitumbua. Baba akasema bismillahi, akabonyeza.

Hakukuwa na kitu. Si mlio, si herufi. Akabonyeza tena. Fundi alifungua mfuniko, na mimi niliyeshika taa niliona kabla ya baba: ile bodi ya kijani ilikuwa imeota unga mweupe kila kona, kama ukingo wa ziwa Kindai maji yanaporudi nyuma. Chumvi ya maji mengi tuliikusanya kwenye maji machache, tukaikausha juu yake. Kitu kimoja kilitoa moshi mdogo, mwembamba.

"Haizimwi?" mfanyabiashara aliuliza.

"Imezimika yenyewe, tajiri," fundi alisema.

Yule mgeni alikuwa mtu wa adabu. Alimaliza chai yake yote, akasema Mungu atajalia, akamshika baba begani, akaondoka. Fundi alijaribu mzaha, haukufika. Lakini nilichokishangaa ni yule mama mpiga chapa. Alikuwa amesimama ukutani, mkono mdomoni, anamwangalia baba na si mashine. "Jamani," alisema taratibu, "tena?" Kisha akatoka bila kuaga.

Tena. Nilimuuliza mama anamaanisha nini na "tena". Mama aliniambia nikaoshe vikombe.

Nilibaki shule kwa kuku waliobaki na alizeti ya bibi. Baba hakupata kazi ya ofisini tena. Alilima, aliuza mafuta kwa chupa, na mchana kukiwa na umeme aliingia chumba cha uani. Hakuacha. Miaka ikapita, kompyuta mpya zikajaa mjini, vijana wakachezea intaneti mtaa wa pili kutoka kwetu, na baba bado anapangusa ile ya zamani kwa unyoya. Nilipofika chuo kikuu nilikuwa na majibu mengi ya lile swali la jirani, yote ya vitabuni. Kwamba baba alikuwa anamshinda adui kwa kumwelewa. Kwamba ulikuwa uzalendo, kwamba ilikuwa ukaidi, kwamba yalikuwa maradhi. Nilimjaribia moja likizoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umesoma sana, mama," akaniomba nimshikie taa.

Mwezi uliopita nilifungua lile gunia la katani. Boksi la umeme lilikuwamo, limekunjiwa kitambaa. Mimi nami siku hizi hununua kompyuta za zamani minadani na kuzifufua, kwa hiyo nilijua pa kutazama. Nyuma yake kuna swichi ndogo nyekundu ya kuchagua nguvu ya umeme. Ilikuwa imewekwa upande wa nchi ambazo umeme wao ni nusu ya wetu, na gundi ya kiwandani bado ilikuwa juu yake, haijaguswa na mtu. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi ya Singida, hupati hata muda wa kujuta.

Nilikwenda kwa mama mpiga chapa. Ni mzee sasa, ana banda la mkaa karibu na soko. Nilimwamkia, akaniitikia, akaangalia nilichoshika, akaketi.

"Ulikitoa wapi hicho?"

"Kwenye gunia la baba."

"Alikitunza!" Akatikisa kichwa. "Mwanangu, ile kompyuta haikufanya kazi hata saa moja. Ilifika asubuhi kwenye boksi lake, tukaitwa kuiona, mimi, meneja, na karani wa bohari wa kuipokea. Ikawekwa mezani, ikalipuka puu! Meneja akafunga mlango. Akasema barua za kupunguza watu zimeshachapwa, nilizichapa mimi mwenyewe, na sababu iliyoandikwa mle ni kompyuta, basi kompyuta ipo, na atakayesema vingine atatafutiwa kesi ya kuharibu mali ya umma. Tukaifunika kitambaa. Watu wakaondoka wanailaani."

"Lakini baba naye alipunguzwa."

"Naye. Na mimi. Tulinyamaza, na bado tukaondoka."

Nilimuuliza kwa nini baba, kati ya watu wote, ndiye aliyeibeba nyumbani.

Alilichukua boksi mikononi mwangu, akaligeuza, akapitisha kidole penye ile swichi.

"Meneja alisema, 'Karani, hebu ichomeke hapo ukutani,'" alisema. "Baba yako akaichomeka."