Kisu cha Mwezi na Nyota

Enzi zetu, na ninyi wa rika langu mtanisaidia kukumbuka, heshima ya mtoto darasani haikupimwa kwa simu wala kwa viatu. Simu hazikuwepo, na viatu tulivivaa Idd hadi Idd. Ilipimwa kwa ncha ya penseli. Penseli moja ilikatwa vipande viwili ili ndugu wagawane, na ncha ikiisha uliitafuna kwa meno mpaka ichomoze tena, ndiyo maana picha zetu za shule zote tuna midomo myeusi. Kwa hiyo aliyekuja na kisu cha kukunja alikuwa waziri. Mimi Zaituni nilikuwa waziri kwa mihula miwili pale shule ya Kakiika, nje kidogo ya mji wa Mbarara, Uganda, na mshahara wangu ulikuwa mandazi, vipande vya muwa na kubebewa jembe siku za shamba la shule.

Nyumbani hakuna aliyejua. Ngoja nieleze kwa nini.

Baba yangu, Mzee Juma, alikuwa anauza visu vya kukunja. Siku za kawaida alitandika turubai lake sokoni Mbarara, kando ya majengo ambayo vita vilikuwa vimeyaacha bila mapaa. Siku ya soko kule Nakivale tulipanda lori, sisi na magunia ya chumvi, na tulishuka wote tukiwa wa rangi moja kwa vumbi. Nakivale kulinukia maziwa na samaki wa ziwani. Wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamekaa pale miaka mingi, na mfugaji hawezi kuishi bila kisu: atakatia kamba, atachongea fimbo, atamtoa ng'ombe mwiba.

Visu vyenyewe vilikuwa vya bei rahisi, kutoka ng'ambo. Ng'ambo ipi, ilitegemea mteja. Mwalimu akija, kisu kilikuwa cha Mjerumani. Askari akija, kilikuwa cha Mrusi. Mpini wake ulikuwa wa mbao nyekundu, na juu yake kulipachikwa mwezi mwandamo na nyota tatu za bati. Waislamu wa mjini wakaamini kabisa kwamba kiwanda hicho ni cha watu wa dini. Baba hakuwahi kuwakatalia. Kwa Wakristo aliufunika mwezi kwa kidole gumba, akawaambia hizo ni nyota za Bethlehemu.

Ubora wake, sasa. Ndani ya boksi la visu kumi na viwili, vinane vilifaa kupakia siagi. Vitatu vilikata ukivibembeleza. Kimoja, kimoja tu, ndicho kilikuwa kisu. Ulikitambua kwa mlio. Ukikifungua, meno ya chuma pale kwenye pete ya kukunjia yanalia: kwa, kwa, kwa. Kibovu kililia mara tatu, na ukikikandamiza kinajikunja chenyewe juu ya vidole vyako. Kizuri kililia mara tano, kikasimama imara. Baba ndiye aliyenifundisha kuhesabu ile milio, kwa fahari ya mtu anayemrithisha mwanawe shamba.

Basi siku moja nikipanga boksi jipya nikasikia mitano. Moyo ukaniruka. Nikakitia kwenye mfuko nilioushonea ndani ya pindo la gauni la shule, na jioni ile ile, nyuma ya migomba, nikaanza kuchonga jina langu kwenye mpini kwa msumari. Nilifika ZAI, mama akaniita kwenda kuosha masufuria. Baba alipohesabu boksi akakuta kumi na moja. Akasonya, akasema watu wa Mombasa waliotuuzia jumla wametupunja. Nikaendelea kupanga visu, na watu wa Mombasa wakabeba dhambi yangu miezi sita.

Mambo yakaharibikia Nakivale. Tulikuwa na mteja mmoja pale, Mzee Karoli, mkimbizi aliyepitia Kongo kabla ya kufika Uganda na Kiswahili chake alikuwa amekiokota huko huko. Siku hiyo alikuja amefunga kidole kitambaa.

"Juma, ile kisu uliniuzishaka inajifunga yenyewe sawa mulango ya mupepo. Imenikata fasi mbili, na kamba haiyakatika bado!"

Watu wakacheka. Baba akacheka pia, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Na kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Mama Rajabu, mke wa sajini mmoja wa kambi ya Makenke, mwanamke mrefu aliyekuwa akija Nakivale kununua samaki wa kuuza kambini. Alikuwa na sauti ya kuamrisha kwata.

"Huyo mzee anasema ukweli! Mimi juzi nakata matoke, kisu ya Juma inalala kama askari imekunywa waragi. Hii ni kisu ya kudanganya watu."

Hapo ndipo baba yangu, mtu mwerevu siku zote nyingine, alipopanda juu ya gunia la chumvi.

"Sikilizeni! Kisu hiki kina mwezi. Idd hii inayokuja nitachinja nacho mbuzi wangu, nyumbani kwangu Kakiika, kutoka ndani ya boksi, bila kukinoa. Wallahi! Kisipokata, sitauza tena kisu hapa Nakivale wala Mbarara."

"Mbele ya watu?" Mama Rajabu akauliza.

"Mbele ya watu."

"Sawa. Mimi nakuja na kambi yote."

Tukarudi nyumbani. Mama alipozisikia habari akaweka mwiko chini. "Baba Zaituni, ulimi wako utatulisha mboga sikukuu."

Mtauliza, si angekinoa kimya kimya usiku? Hamumjui baba yangu. Alikuwa mwongo wa sokoni tu. Ameapa kwa jina la Mungu, imekwisha. Na mnajua wenyewe taratibu za kuchinja: kisu hakinolewi mbele ya mnyama, mkono ukishaanza hauinuliwi, na mnyama hateswi. Kisu kikilala shingoni mwa yule mbuzi, hapatakuwa na nyama, hapatakuwa na biashara, na Mzee Juma atakuwa kichekesho kuanzia msikitini mpaka Nakivale. Na yule mbuzi nilikuwa nimemchunga mwenyewe wiki tatu. Sikutaka asikie maumivu hata kidogo.

Siku ya Idd ikafika. Tukatoka kuswali, tukavaa vile viatu. Ua wetu ukajaa. Mama Rajabu alikuja na wake za askari saba, wote wamepaka wanja, wamekaa mstari wa mbele. Mzee Karoli, Mkristo wa watu, alikuwa ametoka Nakivale kwa lori la alfajiri, kidole bado kimefungwa, akasema amekuja kuona ile mwezi inavyofanya kazi. Harufu ya viungo vya pilau ya mama ilikuwa inatoka jikoni, na mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuchemsha maharage, endapo kisu kitalala.

Baba akasimama na kanzu yake nyeupe. Akaona watu wanamtazama mikono, akasema kwa sauti, "Ili msiseme nina hila, mtoto atachagua. Zaituni, nenda ndani, lete kisu kimoja."

Nikaingia ndani. Boksi lilikuwa chini ya kitanda. Nikafungua cha kwanza: mitatu. Cha pili: mitatu. Vyote mimi nilivijua: kizuri cha boksi lile kilikuwa kimeshauzwa, na kizuri pekee kilichobaki kilikuwa kwenye pindo la gauni langu la shule pale msumarini, kimeandikwa ZAI. Nikikitoa hicho, baba ataona herufi na atajua ana mwizi ndani ya nyumba, tena siku ya Idd, mbele ya kambi yote. Nisipokitoa, basi. Nilisimama pale nikimsikia mbuzi analia nje. Ndugu zangu, sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya kuzaa.

Nikatoka nacho nimekifumbata.

Baba akakipokea. Akakifungua taratibu. Kwa, kwa, kwa, kwa, kwa. Nikaona uso wake. Akageuza mpini, akautazama kwa muda wa kumeza mate, kisha kidole gumba chake kikatelezea juu ya zile herufi, kama alivyokuwa akiufunika mwezi mbele ya Wakristo. Akaelekea kibla. "Bismillahi, Allahu akbar." Mara moja tu. Mbuzi hakupata hata muda wa kushangaa.

Mama Rajabu akapiga kigelegele kilichowatimua kuku wa jirani. "Eh! Hii kisu iko na kazi! Juma, mimi nataka tatu!" Mzee Karoli akafungua kitambaa, akakitazama kidole chake, akasema labda kosa ilikuwa ya kidole.

Siku hiyo tungeweza kuuza boksi zima. Baba akakataa. Aliwaambia watu kwamba sikukuu si siku ya biashara, na pilau ikaletwa. Tangu hapo hakuuza kisu kabla hajakaa kizingitini na kinoo na nyundo ndogo, akikikaza na kukinoa mpaka kisimame. Mimi nilikaa pembeni yake nikihesabu milio. Nilingoja anichape. Wiki, mwezi, mwaka. Hakunigusa wala hakuuliza. Lakini kile kisu sikukiona tena, na uwaziri wangu ukaishia hapo, nikarudi kutafuna penseli pamoja na raia.

Siku nilipoolewa baba alinitilia kifurushi kidogo cha gazeti katikati ya masufuria ya mama. Nilikifungua nikiwa kwa mume wangu. Kilikuwa kile kile. ZAI yangu imepinda pinda vile vile, na baada yake, kwa herufi zilizonyooka za mtu aliyetumia patasi na subira, alikuwa amemalizia: TUNI. Nililia mpaka mume wangu akadhani nimejutia ndoa.

Siku hizi watoto wangu wananiagizia visu kwa simu. Vinakuja sita sita, vya rangi, vimelala kwenye plastiki kama maharusi. Vikikutana na boga la Kakiika, vinapinda. Wanavitupa, wanaagiza vingine, na hakuna anayejua kinoo ni kitu gani. Penseli wanachonga kwa mashine, lakini mwandiko wao hata mimi niliyetafuna penseli siusomi.

Juzi nilikuwa nammenyea mjukuu wangu chungwa. Akaacha simu, jambo la ajabu, akakishika kile kisu akakigeuza geuza.

"Bibi, mbona herufi hizi tatu mbaya halafu hizi nne nzuri?"

"Hizo tatu aliandika mwizi," nikamwambia.

"Na hizi nne?"

"Hizo aliandika mwenye kisu."