Kidonda Kilichosuguliwa kwa Upendo

Wiki jana, nikisubiri kufungwa kidole katika hospitali moja ya Kitale, nilimwona mzee kutoka Naitiri ameushika mguu wa mkewe kama mtu aliyebeba mayai. Kidonda cha mama huyo kilikuwa kimekataa kupona, na walishaambiwa kikizidi, mguu utakatwa.

"Nani hukiosha?" nesi aliuliza.

"Ni mimi," mzee alijibu kwa fahari. "Kila asubuhi, maji moto na chumvi, halafu nasugua na gunia mpaka itoe damu. Si uchafu lazima itoke, daktari?"

Nesi alisogeza taa. "Mzee, hizi punje nyekundu si uchafu, ni nyama mpya. Mwili hutoa vichocheo vyake vya kuita nyama na ngozi zikue. Ukisugua, unaondoa kila kitu, mwili unaanza upya."

Mzee akaficha mikono ndani ya koti. "Kumbe nimekuwa nikipalilia huku nang'oa mahindi yenyewe."

"Nilijua ni kunipenda," mkewe alisema polepole. "Ndio maana sikusema inauma."

"Tutakiosha hapa," nesi akasema. "Nyumbani msikiguse."

"Sasa asubuhi nitakuwa namfanyia nini?"

"Mpikie chai."

Wengi wetu wanaume tunajua kupenda kwa nguvu tu. Tukiambiwa tutulie, tunajiona tumefutwa kazi. Mzee alifikiri kidogo, kisha akamwinamia mkewe na kumuuliza kwa sauti ya chini kama majani ya chai hutangulia maziwa, ama ni maziwa kwanza.